Patrick Lyoya na Sekunde ya Mwisho

Mkalimani alikuwa bado hajafungua kinywa, mimi nimeshaelewa.

Ilikuwa video ya mkutano na waandishi wa habari, Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Baba mmoja Mkongomani amesimama mbele ya vinasa sauti, anamlilia mwanawe kwa Kiswahili. Waandishi wa Kimarekani wanamtazama usoni, wanangoja. Mimi sikuwa na cha kungoja. Alikuwa anasema mwanawe ameuawa kwa kosa dogo, dogo sana. Mama mzazi naye akasema walidhani wamefika kwenye nchi ya usalama, kumbe risasi iliwatangulia huko huko ugenini.

Nimesoma habari nyingi za watu weusi waliouawa na polisi wa Marekani. Hii ilinijia kwa lafudhi ya watu niliokua nao.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Kule Kasulu, kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongomani tangu 1996, na familia zilizoitwa kwa ajili ya safari ya Marekani ziliagwa kwa nyimbo, maombi na machozi. Aliyeondoka alihesabika ameokoka. Hofu zilizozungumzwa zilikuwa za baridi, za watoto kusahau lugha, za kazi za usiku viwandani. Sikumbuki mtu aliyemwambia mwenzake ajihadhari na askari wa barabarani.

Nikaifunga ile video, maisha yakaendelea. Kilichonirudisha ni kesi ya askari aliyefyatua ile risasi, ilipovunjika bila hukumu mwezi Mei 2025. Nimekuwa nikisoma, naacha, narudi tena. Kuna kitu katika namna kesi ile ilivyosikilizwa kilichokuwa kinanikera, na haikuwa rahisi kukitambua.

## Namba za gari

Wengi wenu mlishaiona video ya mauaji yenyewe, kwa hiyo nitapita haraka.

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, askari Christopher Schurr, Mzungu, alilisimamisha gari la Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26, kwa sababu namba zilizokuwa juu ya gari hazikulingana na gari lenyewe. Patrick akashuka. Askari akamwambia arudi ndani, akamwuliza kama ana leseni, akamwuliza kama anajua Kiingereza. Akajibu kwamba anajua. Naye akauliza amekosa nini.

Akafungua mlango, akasemezana na abiria wake, akaufunga tena na kuanza kuondoka. Askari akamshika. Akachomoka, akakimbia, akadakwa, wakaangushana kwenye nyasi mbele ya nyumba za watu. Schurr akachomoa Taser, ile bunduki ya shoti ya umeme. Ikafyatuliwa mara mbili bila kumpata. Patrick akaishika kwa mkono, askari anapiga kelele aiachie. Mwishoni Patrick yuko kifudifudi, askari yuko juu ya mgongo wake, na risasi moja inaingia kisogoni.

Kamera ya kifuani mwa askari ilizimika katikati ya purukushani. Tulichokiona kuhusu mwisho wake kimetokana zaidi na simu ya yule abiria, aliyesimama pembeni anarekodi rafiki yake akifa.

Upande wa pili nao usemwe. Vipimo vilionyesha Patrick alikuwa amekunywa pombe zaidi ya mara tatu ya kiwango anachoruhusiwa dereva. Leseni yake ilikuwa imefutwa. Hakupaswa kuwa nyuma ya usukani asubuhi ile, na kama angemgonga mtoto wa mtu ningekuwa naandika makala nyingine.

Lakini askari alipowasha taa zake za kumsimamisha, alichokuwa nacho ni namba za gari. Hakuna kingine.

## Swali ambalo kila mtu analo

"Kwa nini alikimbia?"

Nimeliona likiulizwa na Wamarekani, na nimelisikia kwa watu wetu, wakiwemo Wakongomani wanaoishi huko huko. Mzee mmoja ninayesali naye aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, ukisimamishwa na askari unatulia. Hata hapa kwetu ni hivyo hivyo." Mzee yule hana chuki na mtu. Amelea watoto, na anasema lile ambalo kila mzazi mweusi wa Marekani humfundisha kijana wake siku anapoanza kuendesha: mikono ionekane, sauti iwe chini, usibishane, urudi nyumbani hai.

Kwa muda nilikubaliana naye.

Kisha nikaanza kusumbuliwa na jambo lililojificha ndani ya swali lenyewe. Anayeuliza kwa nini alikimbia ameshakubali kwamba mbio ndizo zilizomuua, kana kwamba baina ya mbio na risasi hapakuwa na mtu mwingine mwenye akili na hiari yake. Tena, ni nani anauliza? Huko mashariki ya Kongo wapo watu ambao wako hai leo kwa sababu tu walimwona mwenye sare na bunduki wakakimbia. Wale waliotulia hawakufika Nyarugusu. Sidai kwamba hilo ndilo lililokuwa kichwani mwa Patrick. Mwenye jibu amezikwa. Ninachosema ni kwamba familia nzima inaweza kuwa imefundishwa na maisha somo moja, halafu ikahamia nchi ambayo somo hilo hilo linaua.

Isitoshe, sheria ya Marekani yenyewe ilishalijibu jambo hili. Mwaka 1974 mjini Memphis, Edward Garner, mtoto wa miaka 15, alipigwa risasi ya kisogoni akiwa anapanda uzio kukimbia baada ya kuvunja nyumba. Hakuwa na silaha. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya nchi ile, iliyo juu ya zote, ikaamua kwamba askari haruhusiwi kumuua mtu anayekimbia kwa sababu tu anakimbia. Lazima awe hatari kwa askari au kwa wengine. Hata hivyo mawakili wa Schurr walijaribu kuizima kesi mapema kwa kanuni ya zamani zaidi, iliyompa askari ruhusa ya kumpiga risasi mhalifu mkubwa anayetoroka. Mahakama ya rufani ya Michigan ikakataa, kesi ikaenda kusikilizwa.

Kwa hiyo mbio hazitoshi. Kilibaki kile kipande cha mwisho, pale kwenye nyasi.

## Mkuu wa polisi aliyetoka Chicago

Hapa niseme jambo ambalo sikulitilia maanani mwanzoni. Mkuu wa polisi wa Grand Rapids wakati ule, Eric Winstrom, alikuwa ndio kwanza ameanza kazi, akitokea polisi ya Chicago alikokaa miaka zaidi ya 20. Video zote alizitoa hadharani siku ya 9 baada ya mauaji.

Chicago walikuwa wamejifunza kwa aibu. Usiku wa 20 Oktoba 2014 Laquan McDonald, kijana wa miaka 17, alipigwa risasi 16 na askari Jason Van Dyke. Askari waliokuwepo wakaandika taarifa kwamba kijana aliwaelekea na kisu. Jiji likakubali kuilipa familia dola milioni 5 kabla hata kesi haijafunguliwa, na video ikafungiwa kwa miezi 13 mpaka jaji alipoamuru itolewe. Ilipotoka, kijana anaonekana anatembea kando, anaondoka. Van Dyke alitiwa hatiani mwaka 2018 na kufungwa kifungo kisichofika miaka 7. Wenzake watatu walioshtakiwa kwa kula njama ya kuficha ukweli waliachiwa.

Na kabla ya kamera hali ilikuwaje? Muulize Ben Baker. Katika nyumba za umma za Ida B. Wells, kusini mwa Chicago, sajenti Ronald Watts na kikosi chake walikuwa wanatoza hongo. Anayekataa kutoa anabambikiwa dawa za kulevya. Kubambikiwa kesi hakuhitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Baker aliieleza mahakama waziwazi kwamba Watts alitaka fedha, akakataa, ndipo dawa zikapatikana. Hakuaminiwa. Alikaa gerezani karibu miaka 10, hadi 2016 hukumu yake ilipofutwa. Watts mwenyewe alinaswa na FBI mwaka 2012, akiiba fedha kwa mtu aliyedhani ni msafirishaji wa fedha za dawa, na adhabu yake ilikuwa miezi 22. Baadaye hukumu zaidi ya 200 zilizotokana na kikosi chake zikafutwa, na mwaka 2025 baraza la jiji likapitisha dola milioni 90 za kumaliza madai yao.

Linganisheni miaka 10 na miezi 22. Mimi bado sijaweza kulimeza hilo.

Nilipoziweka kesi hizi pamoja ndipo nilipoanza kuuona uzi. Chicago, kalamu ya askari ndiyo iliyoandika mstari wa kwanza, na kila aliyefuata, mwendesha mashtaka, jaji, gazeti, alianzia pale kalamu ilipoanzia. Kamera ikaja kuinyang'anya kalamu kazi hiyo. Nikadhani basi, tukishaona wote, haki itafuata.

Grand Rapids tuliona wote.

## Jopo linaulizwa nini

Schurr alifukuzwa kazi Juni 2022 na kushtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Kesi yenyewe ikasikilizwa mwaka 2025. Wakubwa wa polisi wa mji ule walipanda kizimbani wakasema alichofanya kinalingana na mafunzo na kanuni zao. Wataalamu kutoka nje, akiwemo Seth Stoughton, askari wa zamani ambaye sasa ni profesa wa sheria, wakasema haikuwa halali kutumia nguvu ya kuua pale. Schurr akajitetea mwenyewe: alikuwa amechoka, Taser imemtoka, aliogopa hatarudi nyumbani.

Ili kuelewa kwa nini maneno hayo yana uzito mkubwa hivyo lazima urudi mwaka 1984, mjini Charlotte. Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari, aliingia dukani kutafuta juisi ya machungwa sukari ilipomshuka. Akakuta foleni ndefu, akatoka haraka. Askari mmoja akaona mtu mweusi anaingia na kutoka mbio, akamtilia shaka. Walimfunga pingu, wakamvunja mguu, wakamuumiza bega na paji la uso, ndipo wakagundua dukani hakuna kilichotokea. Kutokana na kesi yake, mwaka 1989, Mahakama Kuu iliweka kipimo kinachotumika hadi leo: kitendo cha askari kipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyepo pale, si kwa macho ya anayetazama baadaye akiwa ametulia, kwa kuwa askari hulazimika kuamua kwa kufumba na kufumbua.

Kesi ya Schurr ilikuwa ya jinai, chini ya sheria za jimbo, na hiyo ya Graham ni ya madai. Lakini wazo ni lile lile na limewaingia watu damuni: je, katika dakika ile, hofu ya askari ilikuwa ya haki?

Nilijaribu kujiweka kwenye kiti cha mmoja wa wale wananchi wa jopo, raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na lazima wote wakubaliane. Nikajikataza kufikiria asubuhi nzima. Nikabaki na picha moja tu, mtu aliyechoka yuko juu ya mtu mwingine mwenye nguvu ambaye mkono wake uko kwenye Taser. Nikajiuliza: naweza kuapa, bila shaka yoyote, kwamba hofu yake ilikuwa ya uongo?

Sikuweza.

Hilo lilinitisha. Mimi niliyemsikia yule baba kabla ya mkalimani, ukinipa kipande hicho peke yake, nami ningesita. Nao walisita. Baada ya siku kadhaa za kujadiliana walishindwa kukubaliana, na tarehe 8 Mei jaji akaivunja kesi.

## Gari lilikuwa pale

Sasa rudisha mkanda nyuma, usianzie kwenye Taser.

Patrick anaondoka kwa miguu. Gari limebaki. Namba zimeshasomwa. Abiria anayemfahamu yuko pale pale. Hakuna aliyeibiwa wala aliyejeruhiwa, na dereva anayedhaniwa amelewa ameshaliacha gari, kwa hiyo hata hatari ya ulevi barabarani imekwisha kwa saa ile. Askari yuko peke yake. Kitu gani kingepotea kama angesimama, akaita wenzake kwa redio na kumwacha aende? Patrick angekamatwa jioni, au kesho yake, au wiki ijayo, akapelekwa mahakamani kwa namba, leseni na pombe, akalipa au akafungwa.

Kila hatua iliyoleta ile sekunde ya mwisho, kumshika, kumfukuza, kung'ang'ana naye peke yake, kutoa silaha ambayo ilikuja kugombaniwa, ilichaguliwa na mmoja wa wale wawili, na mmoja huyo ndiye aliyelipwa mshahara na kupewa mafunzo ya kuchagua vizuri.

Tarehe 4 Aprili 2015, miaka 7 kamili kabla ya Patrick, Walter Scott alisimamishwa North Charleston kwa ajili ya taa ya breki. Akakimbia. Pakawa na purukushani ya Taser. Askari Michael Slager akamfyatulia risasi 8 kwa nyuma, 5 zikampata, akasema Scott alimnyang'anya Taser. Mpita njia alikuwa amerekodi: Scott yuko mbali, anakimbia, mgongo wazi. Pamoja na video hiyo, jopo la kwanza halikukubaliana. Slager alikuja kufungwa miaka 20 baada ya kukiri kosa katika mahakama ya shirikisho.

Ni taa ya breki hapa, namba za gari pale. Daunte Wright, aliyeuawa na askari mwaka 2021, kibandiko cha usajili kilichopita muda. Kwa nini askari wenye bastola wanashughulikia mambo ambayo barua ya posta ingeyamaliza? Jibu moja liliandikwa na Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 2015, ilipochunguza mji wa Ferguson baada ya kifo cha Michael Brown, kijana mweusi aliyepigwa risasi na askari. Walikuta viongozi wa mji wanaisukuma polisi iongeze tiketi ili kujaza hazina ya mji. Watu weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi, na asilimia 85 ya waliosimamishwa barabarani. Kusimamisha magari kulikuwa biashara, na mteja alichaguliwa kwa rangi.

Philadelphia ilithubutu kufanya kitu. Sheria yake iliyoanza Machi 2022, mwezi mmoja kabla ya Patrick kuuawa, iliwazuia askari kumsimamisha dereva kwa makosa madogo 8 pekee yake, kama taa moja ya breki iliyokufa au bampa iliyolegea. Namba zisizolingana na gari hazimo humo. Lakini angalau mji mmoja mkubwa umekubali kwamba ulinzi wa raia unaanza kabla askari hajafungua mlango wa gari lake.

## Wiki moja baadaye

Kilichonikosesha usingizi kabisa ni kalenda.

Tarehe 15 Mei 2025, wiki moja tu baada ya kesi ya Schurr kuvunjika, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi kuhusu Ashtian Barnes, kijana wa miaka 24 aliyeuawa karibu na Houston mwaka 2016. Alikuwa na gari la kukodi lenye deni la ushuru wa barabara. Gari lilipoanza kuondoka, askari Roberto Felix alirukia kizingiti cha mlango na kufyatua risasi. Mahakama ya chini ilisema sheria inairuhusu itazame zile sekunde 2 tu alizokuwa amening'inia kwenye gari, na katika sekunde hizo, kweli, maisha yake yalikuwa hatarini.

Majaji wote 9 walikataa. Jaji Elena Kagan aliandika kwamba huwezi kuikata sekunde ya mwisho ukaitupa hadithi iliyoileta. Mahakama itazame mazingira yote. Nilisoma nikasimama, nikatembea chumbani, nikarudi kusoma tena. Kitu kilichonikera muda wote ule kilikuwa kimeandikwa hapo na mahakama kubwa kuliko zote katika nchi ile.

Wiki nyingine ikapita. Tarehe 22 Mei mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kent, Chris Becker, akatangaza kwamba hatamshtaki Schurr upya, kwa kuwa haoni jopo jingine likifikia jibu tofauti. Najua uamuzi wa Barnes haukumfunga. Ule ni wa kesi za madai, na yeye alikuwa na kesi ya jinai. Hata hivyo naamini alikosea. Jopo jingine lingeweza kuambiwa hadithi ile kuanzia kwenye mlango wa gari, na wazazi wa Patrick walistahili jaribio hilo.

Na kuna swali moja ambalo majaji wale 9 waliliacha. Askari anapojiingiza mwenyewe katika hatari, kwa kurukia gari linaloondoka au kumfukuza peke yake mtu wa namba za gari, kisha akaua ili ajitoe kwenye hatari hiyo, je, kule kujiingiza kuhesabiwe dhidi yake? Kagan aliandika kwamba mahakama za chini hazikuligusa, kwa hiyo nao hawataligusa. Kesi ya Barnes ikarudishwa chini ikaamuliwe upya. Ilifunguliwa na mama yake. Swali lile litakapopandishwa tena hadi kwa majaji wale, sioni ni nani mwingine atakayelipandisha isipokuwa mzazi mwingine aliyeuliwa mtoto kwa taa ya breki, na natumaini wakili wake atafungua faili kwa dakika ya kwanza, si ya mwisho.